Kuhama mtandao ukiwa Mwanza: bei ya bando, mawe ya mlimani na maji ya ziwa

Anayetaka kuhama mtandao Mwanza kwa kawaida huanza na swali moja: bando la nani lina GB nyingi kwa elfu mbili? Swali ni halali, ila ndilo jepesi kuliko yote. GB ambazo huwezi kuzitumia ukiwa nyumbani Buhongwa au dukani Igoma hazina unafuu wowote. Pesa imeshatoka, na muda wa kifurushi unahesabu hata mtandao ukiwa haushiki.

Mitandao ni mitano: Vodacom, Airtel, Yas (ile iliyokuwa Tigo hadi Novemba 2024), Halotel na TTCL. Ukiwa katikati ya jiji utaona tofauti ndogo kati yao. Tofauti kubwa huanza unapopanda mlimani, unapoingia chini ya mabati, au unapovuka maji.

Kuhama nako kuna namna zaidi ya moja, na watu huzichanganya. Unaweza kununua laini mpya yenye namba mpya na kuiacha ya zamani. Unaweza kubaki na laini yako na kuongeza ya pili kwa ajili ya bando tu. Au unaweza kuhama na namba yako ileile, huduma iliyoanza Tanzania Machi 2017. Kwa wakazi wengi wa kanda hii, njia ya kuongeza laini ndiyo yenye nafuu. Kuhama na namba kunamfaa mtu ambaye namba yake imeandikwa kwenye bango la duka, na mtandao wake umemshinda nyumbani na kazini pia.

Hesabu ya bando ifanywe kwa siku

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya mtandao wowote. Kifurushi cha kwanza ni Sh 3,000 kwa GB 2, siku 7. Cha pili ni Sh 2,500 kwa GB 2 hizohizo, siku 3. Ukitazama bei, cha pili ni nafuu. Sasa weka matumizi yako: tuseme unatumia MB 300 kwa siku. Kifurushi cha kwanza kitakufikisha karibu siku ya saba, sawa na Sh 450 kwa siku. Cha pili kitaisha muda wake siku ya tatu ukiwa umetumia MB 900, na MB 1,100 zinaondoka nacho. Umelipa zaidi ya Sh 830 kwa siku.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote, jua unatumia kiasi gani. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha sehemu ya mtandao na matumizi ya data, utazame mwezi uliopita na ugawe kwa 30. Usikadirie kichwani, kwa sababu karibu kila mtu hukosea. Simu ya WhatsApp ya sauti hula MB moja au chini yake kwa dakika, lakini video ya YouTube ya ubora wa 360 hula takriban MB 300 kwa saa, na ukiipandisha hadi 720 inakula mara tatu au zaidi. Wapo wanaohama mtandao kwa kudhani unaiba bando, kumbe ni picha na video za magrupu zinazojipakua zenyewe. Ukizima kujipakua huko, mtandao uleule unakuwa nafuu bila kwenda popote.

Kanuni za vifurushi zilizoanza Aprili 2021 zinakusaidia hapa. Mtandao unapaswa kukuarifu ukifikia asilimia 75 ya kifurushi na tena kikiisha, unapaswa kukuruhusu kununua kifurushi kilekile kabla muda haujaisha ili salio la MB liendelee, na unaweza kumhamishia mwenzako wa mtandao huohuo sehemu ya bando. Wengi hukosa hilo la kununua kabla ya muda kwa sababu hungoja ujumbe wa kwisha. Kwa mwenye matumizi madogo, kujiunga tena saa moja kabla ni akiba kubwa kuliko kuhama.

Halafu kuna ile hoja ya zamani: nitahama vipi wakati ndugu wote wako mtandao huu? Miaka kumi iliyopita ilikuwa hoja nzito. Mtandao mmoja unapopokea simu kutoka mwingine hulipwa kwa kila dakika, na kiasi hicho hupangwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mwaka 2018 kilikuwa Sh 15.60 kwa dakika. Kikashushwa hadi 10.40 mwaka 2019, 5.20 mwaka 2020, 2.60 mwaka 2021, na Sh 2 mwaka 2022. Ndiyo maana leo vifurushi vya dakika za mitandao yote vimejaa kwenye menyu. Ukoo mzima kuwa mtandao mmoja bado kuna faida kwenye kurushiana bando na wakati mwingine kwenye makato ya kutumiana pesa, lakini kwa kupiga simu peke yake, sababu hiyo imeshapungua nguvu.

Kwa nini mtaa mmoja una mtandao na wa pili hauna

Mwanza imejengwa juu na katikati ya miamba ya matale. Mawimbi ya simu hayapenyi mwamba. Nyumba iliyo upande wa mlima unaoutazama mnara itakuwa na 4G safi, na nyumba iliyo nyuma ya kilele hichohicho, mita mia mbili tu, inahangaikia 2G. Hii haimaanishi kwamba mtandao ni mbovu. Mnara wa mtandao mwingine ukiwa upande wako wa mlima, huo ndio mtandao wako, hata kama mjini kote unasifika kwa ubovu. Ushauri wa rafiki anayeishi Kirumba haumsaidii mtu wa Mabatini.

Masafa ya mawimbi nayo yana kazi yake. Masafa ya chini, yaani 700, 800 na 900 MHz, husafiri mbali, hupinda kidogo juu ya vilima na huingia ndani ya nyumba. Masafa ya juu, 1800, 2100, 2300 na 2600, hubeba data nyingi lakini huchoka mapema na hukwamishwa na kuta. Mtandao unaokupa kasi kubwa ukiwa nje barabarani Nyakato unaweza kuporomoka ukiingia chumba cha ndani chenye dari ya mabati. Mabati ni adui mkubwa kuliko tofali. Vibanda vya mabati vya sokoni Mwaloni vinaonyesha hivyo kila siku: mteja anatoka nje ili malipo yake yapite.

Simu yako nayo lazima iyajue masafa hayo. Simu zilizotumika zinazoingizwa kutoka Marekani au Japani mara nyingine hazina bendi ya 28 (700 MHz) au ya 20 (800 MHz). Mwenye simu hiyo atalalamika kwamba mtandao haushiki nyumbani, jirani yake akiwa mtandao huohuo na simu ya bei rahisi anatazama mpira. Tafuta jina kamili la modeli kwenye Kuhusu Simu, kisha angalia mtandaoni orodha ya bendi zake za LTE, yaani 4G. Laini yenyewe pia hukwamisha watu mahali wasipopatazamia: laini ya miaka mingi, ya enzi za 3G, inaweza kukataa 4G hadi ubadilishiwe kadi dukani, namba ikibaki ileile.

Ziwa ni suala lake peke yake. Juu ya maji hakuna kizuizi, kwa hiyo mawimbi husafiri mbali kuliko nchi kavu, na ndipo vituko vinapoanzia. Mtu ameketi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, simu inaonyesha vijiti vitatu, anapiga, haiendi. Vijiti vinapima jinsi simu inavyousikia mnara, wala havisemi mnara unaisikia simu vipi. Mnara una nguvu nyingi na uko juu. Simu janja kwenye 4G hutoa takriban robo tu ya wati moja, au pungufu. Simu inasikia, haisikiki. Kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, cha 2G kwenye 900 MHz kinaweza kutoa hadi wati 2, na ndiyo maana mvuvi wa dagaa mwenye kitochi anaongea akiwa ndani ya mtumbwi wakati mwenye simu ya laki nne anazungusha tu. 2G nayo ina ukomo wake: kwa mpangilio wa kawaida mnara hauhudumii simu iliyo zaidi ya kilomita 35, hata kama mawimbi yanafika, kwa sababu jibu la simu huchelewa kuliko muda uliotengwa. Kutoka katikati ya jiji hadi Nansio ni mbali kuliko hapo, kwa hiyo katikati ya safari ya Ukerewe unategemea minara ya kando ya njia.

Ukiwa mwaloni na simu inang'ang'ania mnara wa ng'ambo, ingia Mipangilio ya mtandao wa simu na uchague 2G au 3G kwa muda, au weka hali ya ndege sekunde kumi kisha uitoe. Karibu na Sirari, Shirati au Mutukula fanya zaidi: zima data ya ugenini (roaming) na uchague mtandao wako kwa mkono, la sivyo simu itarukia mnara wa Kenya au Uganda na salio litayeyuka kabla hujajua.

Visiwani na vijiji vya mbali, mara nyingi chaguo halipo mikononi mwako. Minara mingi ya maeneo hayo hujengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na kila kata hupewa mtandao ulioshinda zabuni yake. Mkataba wa Mei 2023 peke yake ulikuwa wa minara 758 katika kata 713 nchini. Kuna mialo ambayo mtandao unaoshika ni mmoja, na wa pili unapatikana ukipanda juu ya jiwe. Huko bei ya bando haina nafasi ya kwanza. Na simu inayotafuta mtandao kutwa nzima hula betri haraka, jambo linalomuuma mtu anayelipia kuchaji kibandani.

Jaribu kabla ya kuhama

Nunua laini ya mtandao unaoufikiria, isajiliwe kwa namba yako ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na alama za vidole, uiweke kwenye nafasi ya pili ya simu. Weka kifurushi kidogo cha wiki. Kisha ishi kawaida kwa siku saba zikiwamo za mwisho wa wiki, ukipima mahali unapokuwa kweli: kitandani, kazini, kwenye daladala, kwa mama kijijini.

Vijiti usiviamini, kila kiwanda huvichora kivyake. Namba ya kweli iko Mipangilio, Kuhusu Simu, Hali ya SIM, Nguvu ya Mtandao, ikiandikwa kwa dBm na alama ya kutoa mbele. Kwa 4G, -85 au karibu zaidi na sifuri ni nzuri sana. Kati ya -95 na -105 unafanya kazi zako. Ukifika -110 simu za sauti zinaanza kukatika ndani ya nyumba, na -120 ni kama hakuna. Kwa iPhone piga *3001#12345#* ukurasa wa vipimo utafunguka.

Lakini dBm nzuri na intaneti nzito vinaweza kukaa pamoja, na hapa ndipo wanaofuata bei hunaswa. Mnara mmoja una kiasi fulani cha data cha kugawa. Mtandao ukitoa ofa kali ya wanafunzi, minara ya Nyegezi na Malimbe, ambako chuo kikuu cha SAUT na hosteli zake vipo, inajaa usiku. Mtandao unaopaa saa nne asubuhi unaweza kushindwa kufungua ukurasa saa mbili usiku. Pima kati ya saa moja na saa nne usiku, ndipo ukweli ulipo. Usitumie sana programu za kupima kasi, kwani jaribio moja kwenye 4G nzuri linaweza kumeza MB mia. Piga simu ya WhatsApp ya dakika tatu, tuma video fupi, fungua programu ya benki. Inatosha.

Pima pia umeme ukikatika. Mnara una betri na pengine jenereta. Mwingine huzimika baada ya saa chache, mwingine hudumu hadi umeme urudi. Hakuna tangazo la bando linalokwambia hilo, na kwa wakala wa pesa ndilo jambo la kwanza.

Kitu kingine cha kutazama ni kinachotokea unapopiga simu ya kawaida. Ikiwa simu na mtandao wako havina huduma ya sauti juu ya 4G, ukipiga simu inashuka 3G au 2G, na hotspoti uliyomwashia mtu inakufa mpaka ukate. Baadhi ya simu zina swichi ya huduma hiyo (VoLTE) iliyozimwa tu kwenye mipangilio ya SIM.

Ukiamua kuhama na namba

Kwanza piga *106# uhakiki laini imesajiliwa kwa NIDA yako. Hapa ndipo maombi mengi hukwama: laini ilisajiliwa na kaka, mume wa zamani au wakala wa barabarani, na jina la mwombaji halifanani na la msajiliwa. Badilisha umiliki kwanza kwenye duka la mtandao wa sasa. Deni nalo lilipwe, likiwamo la salio la kukopa na mikopo ya kwenye simu.

Halafu pesa. Salio la vocha na bando havihami, vitumie. Akaunti ya pesa ya mtandao wa zamani haiendi na namba, kwa hiyo toa kila kitu, pamoja na akiba iliyofichwa kwenye menyu ndogo kama M-Pawa. Kama ni katibu au mweka hazina wa kikundi kwenye M-Koba, kabidhi nafasi kwanza, usije ukafunga pesa za wenzako. Mwenye Lipa Namba ya duka aulize mapema itakuwaje, na aandae kubandika karatasi mpya. Majina yaliyohifadhiwa kwenye kadi ya laini yahamishie kwenye akaunti ya Google.

Baada ya hapo unakwenda duka au wakala wa mtandao unaohamia, siyo unaotoka. Unaonyesha kitambulisho, unaweka alama ya vidole, unapewa kadi mpya, na kutoka laini yako ya sasa unatuma neno HAMA kwenda 15080. Uliza ada hapohapo kabla ya kusaini. Kadi ya zamani iache ndani ya simu hadi iandike hakuna huduma, ndipo uweke mpya. Fanya hivyo asubuhi ya siku ya kazi, si Ijumaa jioni wala siku ya kulipa ada ya shule, maana likitokea tatizo utataka duka liwe wazi. Ukihama, huwezi kuhama tena mpaka siku 30 zipite.

Usumbufu hauishi hapo. Tanzania tumezoea kutambua mtandao kwa tarakimu za mwanzo: 075 ni Voda, 078 ni Airtel, 071 ni Yas. Namba yako ya 075 ikiwa sasa Airtel, shangazi wa Magu ataenda kwa wakala, wakala ataona 075 na kuchagua M-Pesa, na muamala utagoma au utauliza jina ambalo halipo. Waambie watu wako kabla. Programu za benki nyingine hudai usajiliwe upya kwa sababu kadi imebadilika, na meseji za uthibitisho zinaweza kuchelewa siku za mwanzo. Ukipata ujumbe wa kuhama ambao hukuuomba, mtu anajaribu kuchukua namba yako: piga huduma kwa wateja saa hiyohiyo, na meseji za matapeli zipeleke 15040.

Laini mbili kwenye simu moja

Namba ya zamani inabaki kwa pesa na kupokea simu, laini mpya inabeba bando. Weka laini mpya kuwa ya data na ya zamani kuwa ya kupiga, kisha zima kubadilisha data kiotomatiki, vinginevyo ikiyumba kidogo simu itavuta MB kwenye laini isiyo na kifurushi na kula salio. Simu nyingi za bei ya chini zina redio moja: ukiongea kwenye laini ya kwanza, ya pili haipatikani. Nyingine nafasi ya pili haipandi 4G, au inagombea mahali na kadi ya kumbukumbu. Simu ya mkopo inaweza kuwa imefungwa isikubali laini ya mtandao mwingine kabisa, kwa hiyo jaribu na laini ya mwenzako kabla ya kununua yako.

Laini unayoiacha usiitupe tu droani. Isipotumika kwa muda mrefu mtandao unaweza kuifunga na baadaye kumuuzia mtu mwingine namba hiyo, na kama WhatsApp, barua pepe au benki bado zinaitambua, meseji zako za uthibitisho zitamfikia yeye. Ondoa namba hiyo kila mahali kwanza, kisha nenda dukani uombe ifutwe kwenye NIDA yako, urudie *106# kuhakiki.